Chembe nyekundu ya damu haina kiini. Je, bado ni seli?

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari mkoani Geita. Nilipofundisha nadharia ya seli niliandika ubaoni mambo matatu: viumbe hai vyote vimeundwa kwa seli, seli ndiyo kizio cha msingi cha uhai, na kila seli hutokana na seli nyingine. Kisha nikachora seli yenye utando, sitoplazimu na kiini. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: chembe nyekundu ya damu haina kiini, haina DNA na haigawanyiki, kwa nini tunaiita seli? Nikamwambia nitamjibu kipindi kijacho. Naomba unisaidie, na kama lipo la kuwaonyesha bila maabara kubwa nitashukuru.

Jibu: Mwalimu, huyo mwanafunzi mwambie hivi: ndiyo, ni seli. Mchoro wako ndio uliomchanganya, nadharia haina kosa. Soma tena mambo matatu uliyoyaandika. Hakuna hata moja linalotaja kiini. Kiini kiliingia kwa mlango wa mchoro, na michoro ya vitabu vyetu huonyesha seli ya jumla ambayo huwezi kuikuta popote mwilini ukiitafuta.

Jambo la tatu ndilo linaloleta utata zaidi. Linasema seli imetoka wapi. Halisemi kwamba kila seli lazima nayo itoe seli nyingine. Nyumbu aliyezaliwa na punda dume na farasi jike kwa kawaida hazai, na hakuna aliyewahi kumwondoa kwenye orodha ya wanyama. Seli nyingi za ubongo wako ziliacha kugawanyika kabla hujajua kutembea, wala hakuna anayezihoji.

Kuhusu kiini, njia ya haraka ni kumkumbusha bakteria: hana kiini, na kila kitabu kinamwita seli. Lakini kijana wako anaonekana mkali, atakujibu kwamba bakteria hana kiini ila DNA anayo. Chembe nyekundu haina DNA kabisa. Hapo ana haki ya kubisha, kwa hiyo tusimkwepe.

Kwanza mpe hesabu. Mtu mzima ana chembe nyekundu zipatazo trilioni 25. Ukizihesabu moja moja bila kujali uzito, hizo peke yake ni zaidi ya robo tatu ya seli zote za mwili wa binadamu. Atakayezifuta kwenye daftari la seli ajue amefuta sehemu kubwa ya daftari.

Pili, mpe historia, maana hapa ina ucheshi wake. Wengi tunafundisha majina kwa mwendo wa kukimbia: Robert Hooke mwaka 1665 na kipande chake cha gome la mti wa koki, Matthias Schleiden na mimea mwaka 1838, Theodor Schwann na wanyama mwaka 1839, basi. Kinachoachwa ni kwamba Schleiden na Schwann walikosea jambo moja kubwa. Waliamini seli mpya hujiunda ndani ya ute usio na umbo, kwa namna waliyoifananisha na fuwele zinavyojitenga kwenye maji. Yaani mambo mawili ya kwanza ya ubaoni kwako wangeyakubali, la tatu wangelipinga.

Aliyelipinga wazo lao kwa ushahidi wa macho ni Robert Remak, daktari Myahudi aliyefanya kazi Berlin. Mwaka 1841 alikuwa anaangalia damu ya vifaranga vilivyomo bado ndani ya yai, akaona chembe nyekundu zenye viini viwili, nyingine zikiwa zimebanwa katikati, zinaachana. Zilikuwa zinagawanyika mbele ya macho yake. Aliendelea kuchunguza, akaenda hadi mayai ya vyura, na mwaka 1852 akatangaza kwamba seli za wanyama hutokana na mgawanyiko wa seli zilizotangulia. Rudolf Virchow akalieneza wazo hilo kuanzia mwaka 1855 kwa sentensi moja ya Kilatini, *omnis cellula e cellula*, yaani kila seli hutoka kwenye seli, na sifa zikaenda kwake. Mimi huona Remak alidhulumiwa. Hata uprofesa kamili hakuupata, kwa kuwa Prussia ya wakati ule haikumpa Myahudi asiyekubali kubatizwa.

Kwa hiyo jambo la tatu la nadharia, ambalo mwanafunzi wako analitumia kuihukumu chembe nyekundu, Remak alianza kuliona ndani ya chembe nyekundu yenyewe. Ya kuku lakini. Kuku na ndege wote, samaki, vyura na mijusi wana chembe nyekundu zenye kiini. Mamalia ndio tulioachana nacho, na hakuna wa kuonewa shaka: hata ngamia, ambaye chembe zake zina umbo la yai badala ya duara, kiini hana.

Sasa tuingie kwenye uboho, ute laini ulio ndani ya mifupa, ambako jibu lenyewe linapatikana. Mpaka mwaka 1868 watu hawakuwa na uhakika damu ya mtu mzima inatengenezwa wapi. Mwaka huo Ernst Neumann, huko Königsberg, aliukamua uboho kutoka kwenye mifupa, akakuta ndani yake chembe nyekundu zenye viini. Giulio Bizzozero wa Italia alifikia hapo hapo mwaka ule ule. Zile chembe zenye viini ndizo mama za chembe tunazoziona kwenye mishipa.

Mambo huenda hivi. Seli shina ya uboho hugawanyika, na baadhi ya watoto wake hushika njia ya kuwa chembe nyekundu. Mwanzoni ni seli kubwa kama yoyote ile: ina kiini, ina mitokondria za kuipa nguvu, ina ribosomu tele za kuunda protini. Inagawanyika mara kadhaa, na kila mara watoto ni wadogo zaidi na wana himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni, nyingi zaidi. Kiini nacho kinazidi kusinyaa na kukaza, na maagizo yake yanazimwa moja baada ya jingine, isipokuwa yale ya himoglobini na machache ya lazima. Mwisho seli inakisukuma kiini pembeni na kukitoa nje kikiwa kimefungwa kwa kipande cha utando. Jirani yake pale ubohoni ni makrofaji, seli mlaji, ambayo hukimeza kiini hicho na kukivunjavunja. Kinachobaki huingia kwenye damu.

Bado hakijakomaa, tena. Kwa siku moja au mbili hiki kichanga, kinachoitwa retikulosaiti, hubaki na masalia ya ribosomu na huendelea kuunda himoglobini kwa kutumia maagizo yaliyokwisha kunakiliwa kabla kiini hakijatoka. Daktari anapoomba retikulosaiti zihesabiwe, anataka kujua uboho unazalisha kwa kasi gani. Mgonjwa akipungukiwa damu na retikulosaiti ziko juu, kiwanda kinafanya kazi na damu inapotea au kuvunjwa mahali. Zikiwa chini, tatizo liko kiwandani. Na kiwanda hicho si cha mchezo: kwa trilioni 25 zinazodumu siku 120 kila moja, uboho unapaswa kutoa chembe zaidi ya milioni 2 kwa kila sekunde.

Ukitaka ushahidi kwamba kugawanyika kunafanyika kweli, ila nyuma ya pazia, angalia vidonge vya FEFO wanavyopewa wajawazito kliniki. Madini ya chuma yaliyomo ni ya kuundia himoglobini. Foliki asidi ni kwa ajili ya DNA. Chembe nyekundu iliyokomaa haina DNA ya kunakili, lakini mama yake aliye ubohoni anayo, na kila mgawanyiko unataka nakala mpya. Foliki ikikosekana, seli zinaendelea kunenepa lakini kugawanyika kunachelewa, na damu inatoka na chembe chache, kubwa kupita kiasi. Upungufu wa chuma hutoa kinyume chake: chembe ndogo, zilizopauka. Fundi wa maabara mwenye uzoefu huanza kubahatisha kipi kimepungua kabla hajaondoa jicho kwenye hadubini.

Basi, baada ya kutoa kiini, kimebaki nini cha kuitwa seli? Kimebaki utando unaochagua nini kiingie na nini kitoke. Chini ya utando kuna wavu wa protini unaoiwezesha chembe yenye upana wa mikroni 7 hadi 8 (mikroni elfu moja ni milimita moja) kujikunja ikapita kwenye kapilari, mshipa mdogo kabisa wa damu, iliyo nyembamba kuliko yenyewe, kisha ikarudi kwenye umbo lake. Zimebaki pampu kwenye utando zinazotoa sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani, usiku na mchana, na kila mzunguko unagharimu nguvu. Vimebaki vimeng'enya vinavyovunja glukosi ili kupata nguvu hiyo bila kutumia oksijeni. Hilo la mwisho lina maana yake: chembe imebeba molekuli zipatazo milioni 270 za himoglobini zilizosheheni oksijeni, na kwa kuwa haina mitokondria, mzigo huo haiugusi. Inaufikisha.

Anayetilia shaka kwamba hiki ni kitu hai, mpeleke benki ya damu. Ule mfuko ambao sisi tunauita chupa ya damu hauna damu tupu. Ndani yake kuna sitrati ya kuzuia kuganda, na kuna glukosi. Glukosi ya nani? Ya chembe nyekundu. Zinakula humo humo ndani ya friji, kwenye nyuzi joto 2 hadi 6. Baridi imewekwa ili zile polepole na zichelewe kuchakaa. Hata hivyo pampu zinalegea kadiri siku zinavyokwenda, potasiamu inavuja na kujaa nje ya chembe, na mfuko wenye dawa ya kuhifadhia ya kawaida, CPDA-1, mwisho wake ni siku 35. Kitu kisicho hai hakihitaji chakula cha akiba.

Bei ya kukosa kiini ni kwamba chembe haiwezi kujikarabati. Kimeng'enya kikichakaa hakuna maagizo ya kuunda kingine. Utando unakakamaa polepole. Kila mara chembe inapopita kwenye wengu hulazimika kujipenyeza kwenye mianya ya mikroni 1 hadi 2 hivi, na iliyokakamaa hushindwa ikaliwa na makrofaji. Chuma chake kinarudishwa uboho kutumika tena, na masalia ya himoglobini yanakuwa ile rangi ya manjano ya nyongo.

Kwetu huku hatuwezi kuizungumza chembe nyekundu bila kuitaja malaria, na kwa swali lako malaria inasaidia. Seli zenye kiini, zikivamiwa, huonyesha juu ya utando wao vipande vya protini za mvamizi, na askari wa kinga wakiviona huiua seli hiyo pamoja na mgeni wake. Chembe nyekundu iliyokomaa haina mitambo hiyo ya kutoa taarifa. Kimelea cha *Plasmodium falciparum* kikiingia humo kimepata nyumba isiyo na mlinzi. Kinakula himoglobini ya mwenyeji, kinagawanyika, na baada ya saa 48 hivi nyumba inapasuka na vichanga vinatoka kutafuta nyingine. Kinachohofiwa na kimelea ni wengu, maana chembe iliyovamiwa hukakamaa. Kwa hiyo hupandisha juu ya utando protini zake zinazonata, chembe inajishikiza kwenye kuta za mishipa midogo na kukwepa safari ya kupitia wengu. Hapo ndipo hatari ya malaria ya ubongo inapoanzia.

Kuna jambo dogo maabara ambalo wanafunzi wako wangefurahi kuliona, kama zahanati ya jirani itakubali ugeni. Tone zito la damu la kupimia malaria halikaushwi kwa methanoli. Likiingizwa kwenye rangi ya Giemsa iliyochanganywa na maji, chembe nyekundu zinapasuka na himoglobini inatoka. Ukitazama baadaye, zile chembe nyekundu kwa mamilioni hazionekani. Kinachobaki ni chembe nyeupe zenye viini vya zambarau na, kama mgonjwa anaumwa, vimelea: doa jekundu la kiini na utepe wa buluu wa sitoplazimu. Kila kilichobaki pale kina kiini, isipokuwa chembe sahani, ambazo nitazirudia. Kimelea nacho ni seli kamili, kwa hiyo kabla ya kupasuka ulikuwa na seli yenye kiini inayoishi ndani ya seli isiyo nacho.

Ugonjwa wa selimundu nao ni wa chembe hii hii. Kosa ni moja: asidi amino moja imebadilika kwenye mnyororo wa himoglobini, ile ya sita. Oksijeni ikipungua, himoglobini hizo hushikana zikawa vijiti virefu vinavyoivuta chembe ikawa kama mundu, na badala ya siku 120 inaishi siku 10 hadi 20. Uboho unajitahidi kufidia, retikulosaiti zinapanda, na watoto hawa hupewa foliki asidi kwa sababu ile ile niliyoitaja. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1954 alionyesha kwa vipimo alivyofanya Afrika Mashariki kwamba wenye jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo haijafifia kwenye maeneo ya ziwa na pwani.

Sasa la kuwaonyesha darasani. Usitumie damu ya wanafunzi, hata wakijitolea kwa shangwe. Hatari ya kuambukizana haina thamani ya kipindi kimoja. Tumia kuku na mbuzi.

Kuku akichinjwa, chukua tone moja kwenye slaidi, lisambaze kwa ukingo wa slaidi ya pili iliyoinamishwa hadi upate tabaka jembamba, liache likauke. Dondoshea methanoli, au spiriti kama methanoli haipo, subiri dakika chache, kisha weka rangi ya Giemsa au bluu ya methilini na usuuze. Kwa lenzi ya 40 mtaona vitu vya mviringo wa yai, na katikati ya kila kimoja kiini cheusi au cha zambarau. Hiyo ndiyo aliyoitazama Remak, ila yake ilikuwa changa. Fanya vivyo hivyo kwa damu ya mbuzi, uziweke slaidi mbili pamoja. Za mbuzi zitakuwa duara, ndogo sana, mikroni 3 hadi 4 tu, kwa hiyo msivunjike moyo mkidhani hadubini imeharibika. Tafuteni kiini kwenye chembe nyekundu, hamtakipata. Mtakachokiona kimoja kimoja ni cha chembe nyeupe.

Kuonyesha kazi ya utando wa chembe, hadubini si lazima. Damu ya mbuzi ikiwa inatoka, koroga kwa kijiti kisafi mfululizo. Nyuzi za mgando zitajizungusha kwenye kijiti na damu itabaki majimaji. Andaa glasi tatu za maji: ya kwanza maji matupu, ya pili maji yenye chumvi gramu 9 kwa lita, ya tatu maji yenye chumvi nyingi hadi yanakera ulimi. Weka matone machache ya damu kila glasi, subiri kidogo, kisha shika gazeti nyuma yake. Kwenye maji matupu utasoma maandishi kupitia wekundu ung'aao kama sharubati, kwa kuwa maji yameingia kwenye chembe, zimepasuka, na himoglobini imeyeyuka. Kwenye ya pili husomi kitu, ni tope jekundu, chembe ziko nzima. Ya tatu nayo ni tope, lakini ukiweka tone chini ya hadubini utakuta chembe zimenywea na kingo zake zina vimiiba. Waulize kwa nini dripu ya maji ya chumvi hospitalini inaandikwa asilimia 0.9, kisha nyamaza.

Jiandae kwa swali litakalofuata, maana mwanafunzi wa namna hiyo haishii hapo. Atakuuliza kuhusu chembe sahani, zile za kugandisha damu. Nazo hazina kiini, nazo zinakula glukosi, na zina mitokondria ambazo chembe nyekundu haina. Mbona wengi wetu tunaziita vipande vya seli? Kwa sababu ya asili yake. Chembe nyekundu ni seli nzima iliyozaliwa kwa mgawanyiko, kisha ikatoa kiini chake. Chembe sahani hazikuzaliwa hivyo: seli moja kubwa ya uboho hurefusha mikono yake hadi ndani ya mishipa, na mikono hiyo inamegukameguka ikawa maelfu ya chembe sahani. Mimi nasimama na wanaoziita vipande. Akikukatalia kwa hoja ya mitokondria, mpe alama zake.